Sindano ya steroidi kwenye msuli wa taya: inazima moto gani?

Shangazi yangu aling'olewa magego mawili kabla mtu yeyote hajamgusa shavu. Maumivu yalikuwa upande wa kulia, yakipanda hadi sikioni na kushuka hadi kwenye meno ya chini, na kila asubuhi aliamka taya limekaza kama mtu aliyekesha akitafuna muwa. Gego la kwanza lilitoka, maumivu yakabaki. La pili likafuata, nayo yakabaki vilevile. Baadaye daktari mwingine wa meno, kijana tu, alimwambia aume meno, akambonyeza chini kidogo ya mfupa wa shavu, na shangazi akaruka kwenye kiti: "Hapo hapo, mwanangu!" Meno hayakuwa na kosa lolote. Kilichokuwa kikiuma ni msuli.

Swali aliloniuliza siku hiyo jioni ndilo lililozaa makala haya. Jirani yake alichomwa sindano ya steroidi gotini na akatembea vizuri kwa miezi kadhaa. Kwa nini na yeye asichomwe ya shavuni, mambo yaishe? Ni swali la haki kabisa, na wengi huwauliza madaktari wao. Lakini kulijibu sawasawa kunahitaji kwanza kujua ni kemikali gani zinazouma ndani ya msuli, na steroidi inagusa zipi kati ya hizo.

Weka vidole viwili shavuni, kati ya mfupa wa shavu na pembe ya taya, kisha uma meno. Kinachotuna ni msuli ambao madaktari huuita maseta. Kwenye panja kuna mwingine mpana kama upepeo, na kwa ndani, ambako kidole hakifiki kirahisi, kuna miwili zaidi. Misuli hii minne huamrishwa na neva ya tano kati ya jozi 12 za neva za kichwa, na neva hiyohiyo ndiyo inayopeleka kwenye ubongo habari za meno, ufizi, ngozi ya uso na sehemu ya sikio. Habari zote hizo huingilia kituo kimoja kwenye shina la ubongo, na kituo hicho hupokea pia habari za sehemu ya juu ya shingo. Kwa msongamano huo, ubongo hukosea anwani. Msuli unalia, ubongo unasoma "gego". Magego ya shangazi yalikwenda kwa kosa la posta.

Mbele ya sikio, pale unapohisi kitu kikicheza ukifungua mdomo, kuna kiungo cha taya. Kiungo na msuli ni vitu viwili, vyenye magonjwa mawili tofauti, ingawa wagonjwa (na baadhi ya matabibu) huyaita yote "tatizo la taya". Vigezo vya kimataifa vya kuyatambua magonjwa haya, vilivyochapishwa mwaka 2014, vinamtaka mpimaji aubonyeze msuli kwa nguvu ya takriban kilo moja na kumuuliza mgonjwa swali la busara sana: haya maumivu ninayokupa sasa, ndiyo yale yale unayoyajua wewe? Akikubali, shida iko msulini. Kama yanatokea kiungoni, njia ya matibabu ni nyingine, na hata maana ya sindano inabadilika.

Hadithi ya zamani iliyokataa kufa

Mwaka 1934, James Costen, daktari wa masikio na koo huko St. Louis, Marekani, alidai kwamba mtu akipoteza meno ya nyuma, taya hurudi nyuma na kukandamiza neva, na maumivu ya sikio na kichwa yanaanzia hapo. Wataalamu wa maumbile ya mwili waliikataa hoja hiyo ya kukandamizwa kwa neva, lakini wazo lenyewe, kwamba kosa liko kwenye jinsi meno yanavyokutana, liliishi kwa miongo. Watu walisagwa meno mazima ili "yakae sawa".

Ikaja hadithi ya pili, yenye sura ya kisayansi zaidi: msuli unakaza, damu inapita kwa shida, uchafu wa kemikali unajaa, msuli unauma, na kwa sababu unauma unazidi kukaza. Mduara usio na mlango. Inaingia akilini, na ndiyo maelezo ambayo mpaka leo utayasikia kliniki nyingi. Tatizo ni kwamba vipimo havikuiunga mkono. Mwaka 1991 James Lund na wenzake walikusanya ushahidi uliokuwepo na kuonyesha kinyume chake: msuli wenye maumivu ya muda mrefu mara nyingi hufanya kazi kidogo kuliko kawaida. Mgonjwa hufungua mdomo polepole, huuma kwa nguvu ndogo, na akipumzika msuli wake haupigi kelele za umeme kama mduara ule unavyodai. Kwa maneno mengine, mwili unaulinda msuli. Kusaga meno usingizini kunaweza kuuchosha na kuuchokoza, ndiyo, lakini wapo wasagaji wakubwa wa meno wasiojua maumivu ya taya ni nini.

Kwa hiyo kama si meno na si mkazo peke yake, kinachouma ni nini? Hapo ndipo steroidi inapoingia, ikiwa na historia nzito nyuma yake.

Banio la mfereji

Tarehe 21 Septemba 1948, kwenye Mayo Clinic huko Minnesota, Philip Hench alianza kumchoma kotizoni, dawa ya jamii ya steroidi, mwanamke aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Baada ya siku chache alikuwa anatembea. Hench alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950 pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein. Mwaka 1951 Joseph Hollander wa Philadelphia alieleza jinsi ya kuchoma dawa ya jamii hiyo moja kwa moja ndani ya kiungo kinachouma, na haikuchukua miaka mingi sindano ikafika kwenye kiungo cha taya. Tangu hapo steroidi imebeba sifa ya muujiza, na sifa ya muujiza ina tabia ya kutembea mbali kuliko dawa yenyewe.

Dawa hii inafanya nini hasa? Wale waliowahi kuona mifongo ya Wachaga kwenye miteremko ya Kilimanjaro watanielewa haraka. Maji yanachukuliwa kutoka mtoni kwenye banio moja, kisha yanagawanywa kwenye mifereji midogo hadi mashambani. Tishu ikiumizwa au kinga ikiamka, kuta za seli huachia mafuta yaitwayo asidi ya arakidoni. Hayo ndiyo maji. Mfereji mmoja unayageuza kuwa prostaglandini, ambazo huvimbisha, hupasha joto na kuziamsha ncha za neva za maumivu. Mfereji mwingine unatengeneza lukotrini, zinazoita chembe nyeupe za damu. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini hufunga ule mfereji wa prostaglandini. Ibuprofeni na diklofenaki hufanya kazi hiyohiyo. Steroidi hupanda juu zaidi na kubana kwenye banio. Inaingia ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, inakwenda hadi kwenye kiini na kuamuru jeni zipi zinyamaze na zipi ziongee. Mojawapo ya zinazoongezewa sauti ni ya protini inayozuia asidi ya arakidoni isiachiwe. Nyingi za zinazonyamazishwa ni zile za kemikali za uvimbe.

Nitauita uvimbe huu wa kinga mwako, kwa sababu neno uvimbe peke yake linabeba mambo mengi, hata saratani. Mwako una alama zake: joto, wekundu, kuvimba, chembe nyeupe zilizojazana. Kiungo chenye baridi yabisi kinawaka kweli. Goti la jirani pengine lilikuwa linawaka. Hapo banio likifungwa, shamba linakauka na mtu anatembea.

Sasa angalia msuli wa shavu uliouma kwa mwaka mzima. Kwa kawaida haujavimba, hauna joto, na ukichukuliwa kipande chake kuchunguzwa kwa darubini, lile jeshi la chembe nyeupe halionekani. Unauma bila kuwaka.

Kuonja maji ya msuli

Utafanyaje kujua kemikali za msuli ulio hai, wa mtu anayezungumza nawe? Njia iliyofaa ilitoka Taasisi ya Karolinska, Sweden, ambako Urban Ungerstedt alikuza mbinu ya kuingiza kijirija chembamba mno chenye utando unaopitisha molekuli ndogo. Maji ya chumvi yanasukumwa ndani yake polepole, kwa matone yasiyoonekana, na yanaporudi yamebeba sampuli ya kile kinachoogelea kati ya nyuzi za msuli. Miaka ya 1990, huko Huddinge pembeni mwa Stockholm, Sigvard Kopp, Malin Ernberg, Britt Hedenberg-Magnusson na Per Alstergren walianza kukitia kijirija hicho kwenye maseta za wagonjwa wa taya. Na hawakuishia kwenye kupima; walichoma pia steroidi msulini na kufuatilia kemikali.

Jambo la akili walilofanya ni kutowachanganya wagonjwa. Upande mmoja waliwaweka wenye maumivu ya taya peke yake, upande wa pili wenye fibromialgia, yaani maumivu ya misuli mwili mzima. Ukiwatazama kwa macho wakiwa kwenye kiti cha daktari wa meno hutawatofautisha. Ndani ya msuli, picha si lazima iwe moja.

Kemikali iliyowashughulisha zaidi ilikuwa serotonini. Najua, msomaji ameshaambiwa mitandaoni kwamba serotonini ni "kemikali ya furaha". Hiyo ni hadithi ya nusu ukurasa. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili iko tumboni, na katika damu inasafiri ndani ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Iligunduliwa mwaka 1948 huko Cleveland na watu waliokuwa wakitafuta kitu kinachobana mishipa ya damu, wala hawakuwa wakitafuta furaha. Ikimwagika msulini hufanya kazi nyingine kabisa: inashika vipokezi kwenye ncha za neva na kuziamsha. Ernberg na wenzake walipoichoma kwenye maseta za watu wazima wa afya, msuli uliuma na ukawa mwepesi kuumia ukibonyezwa.

Serotonini haitoki kwenye mfereji wa arakidoni. Fikiria maana yake: unaweza kufunga banio kwa nguvu zako zote, na shamba likaendelea kupata maji kutoka mto mwingine. Ndiyo sababu kundi hilo la Sweden liligeukia granisetroni, dawa ambayo wagonjwa wa saratani hupewa kuzuia kutapika, kwa kuwa inaziba aina mojawapo ya vipokezi vya serotonini. Majaribio yao madogo ya kuichoma msulini yalionyesha matumaini. Bado si dawa ya kawaida kwa taya popote ninapojua, lakini kama hoja ya kemia ni nzuri sana: maumivu yaliguswa kwa dawa ambayo si steroidi, wala si ya jamii ya diklofenaki.

Na mito si miwili tu. Huko Denmark, Peter Svensson akishirikiana na Brian Cairns alichoma glutamati kwenye maseta za watu wa kujitolea. Glutamati ni ndugu wa ile chumvi ya mchuzi wa pakiti, na ndani ya mwili ni kijumbe kikuu cha kuamsha neva. Msuli uliuma, na wanawake waliumia zaidi kuliko wanaume kwa kiasi kilekile. Matokeo hayo yananikaa akilini kila ninapoona foleni ya kliniki za taya, ambako wanawake huwazidi wanaume kwa mbali, na kila ninaposikia mtu akisema wanawake "wanadeka". Timu hiyohiyo ilichoma pia kemikali inayokuza neva. Ile haikuuma sana siku ya kuchomwa. Lakini kwa wiki nzima msuli ulibaki mwepesi kuumia kama jeraha, ukiuma kwa kutafuna na kwa kubonyezwa. Tone moja, wiki nzima, wala hakuna mwako wa kuonekana kwa macho.

Neva zikichokozwa hivyo kwa miezi, mabadiliko hayabaki shavuni. Kituo kile cha shina la ubongo chenyewe hunoa masikio: kinaanza kupokea mguso wa kawaida kama maumivu, na eneo linalouma linapanuka. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao OPPERA uliwafuata watu wasio na shida ya taya kwa miaka, na takriban 4 kati ya kila 100 walipata maumivu ya taya kwa mara ya kwanza kila mwaka. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale ambao tayari walikuwa na maumivu sehemu nyingine, waliolala vibaya, waliobeba dalili nyingi za mwili kwa pamoja.

Kwa kifupi sindano ya shavuni inapelekwa kwenye kata moja ya kesi iliyokwisha kufika wilayani.

Mbona wengine hupata nafuu?

Hupata, na sitaki kuwabishia. Lakini tazama saa. Steroidi hufanya kazi kwa kunyamazisha au kuamsha jeni, na hilo huchukua saa nyingi hadi siku kadhaa. Mgonjwa anayeinuka kwenye kiti baada ya dakika tano akisema "Asante Mungu, yameisha" anaishukuru dawa ya ganzi iliyochanganywa ndani ya bomba. Ganzi ikiisha, kesho yake wengine huumia zaidi kwa siku moja au mbili kwa sababu fuwele za steroidi zenyewe huchokoza.

Kuna pia sindano yenyewe. Majaribio ya kuchoma maji ya chumvi, ganzi, au hata sindano tupu kwenye kifundo kinachouma ndani ya msuli mara nyingi yanaonyesha nafuu inayofanana. Na kuna kalenda: maumivu ya taya hupanda na kushuka, na mtu huenda hospitali siku yamepanda. Angesubiri wiki mbili, mengi yangeshuka yenyewe, lakini sifa ingekwenda kwa nani? Kwa haki ya dawa niongeze kwamba kwa wanyama steroidi imeonekana kutuliza nyuzi nyembamba za neva za maumivu moja kwa moja, bila kupitia mwako. Huenda hilo linasaidia baadhi ya watu. Ni msingi mwembamba wa kumchoma mtu usoni.

Maana gharama ipo. Steroidi inayoyeyuka polepole, hasa triamsinoloni, inaweza kula mafuta ya chini ya ngozi na kuacha shimo, na kwenye ngozi nyeusi inaacha baka jeupe linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Gotini unavaa suruali. Shavuni utavaa nini? Msuli wenyewe unaweza kunywea. Mwenye kisukari ataona sukari yake ikipanda kwa siku kadhaa. Kiungo kikichomwa mara kwa mara, gegedu lake linaweza kuharibika.

Na kuna jambo moja ambalo kwetu Afrika Mashariki lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kila chumba cha sindano. Mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye ritonavir, kama wengi walio kwenye safu ya pili (dawa za baada ya zile za kwanza kushindwa), hawezi kuivunja triamsinoloni kwa kasi ya kawaida, kwa sababu ritonavir huzuia kimeng'enya cha ini kinachofanya kazi hiyo. Sindano moja tu inaweza kumfanya avimbe uso, sukari ipande, na tezi zinazotengeneza kotizoli ya mwili zilale. Wengi hawasemi wanachotumia, hasa pale ambapo wengine wanasikia. Anayechoma ndiye anayepaswa kuuliza, faraghani, kabla ya kuvuta dawa.

Desemba 2023 jarida la tiba la BMJ lilichapisha mwongozo wa maumivu ya taya ya muda mrefu. Sindano za steroidi, sindano za kwenye vifundo vya msuli, sumu ya botulinamu na hata vile vilinda meno vya plastiki vinavyouzwa ghali, vyote viliwekwa upande wa "afadhali usitumie". Upande wa "tumia" kulikuwa na vitu vinavyomkatisha tamaa mtu aliyekuja na nauli ya mbali: mazoezi ya taya na ya mkao yanayosimamiwa, kunyoosha na kukanda msuli kwa mkono wa mtaalamu, tiba ya mazungumzo ya kubadili mienendo na fikra, kumweleza mgonjwa hali yake vizuri na kumtoa hofu. Kiungo kilichothibitika kuwaka, kama cha mwenye baridi yabisi, kina mjadala wake na bingwa wake, na sindano bado ina nafasi katika mjadala huo.

Mkanganyiko wetu una ladha ya kwetu pia. Anayebugia miraa kutoka adhuhuri hadi usiku, tonge likiwa shavu moja, anaifanyisha maseta kazi ambayo haikuombwa. Ubani na chingamu ya kutwa nzima vivyo hivyo. Hakuna sindano itakayomaliza ubishi na shavu ambalo halipewi likizo.

Shangazi ni fundi cherehani. Yule daktari kijana alikaa akamtazama akijifanya kutunga uzi kwenye sindano, akamwonyesha kwamba kila akikaza macho, meno nayo yanakutana na kubanana. Midomo ikutane, alimwambia, meno yaachane. Akampa mazoezi ya kufungua mdomo mara kadhaa kwa siku, kitambaa cha moto jioni, na mwezi mzima bila muwa wala nyama ngumu. Alitoka amenuna, kwa sababu alikwenda na pesa ya sindano.

Kwenye mkono wa cherehani yake sasa kuna kipande cha kanga chekundu kilichofungwa, hakina kazi yoyote ya ushonaji. Kila akikiona anaachanisha meno. Maumivu hurudi msimu wa sare za shule, kazi zinapojaa, kisha huondoka. Mapengo mawili yako palepale.